Filamu gani ya kutisha ilikukumbusha mumiani? Tupeane uzoefu

Mjukuu_wa_Pangani: Jana nimerudia Get Out (2017) ya Jordan Peele. Ule wimbo wa mwanzoni, "Sikiliza Kwa Wahenga" wa Michael Abels, ni Kiswahili chetu hiki hiki, unamwonya jamaa akimbie. Wamarekani ukumbini wanasikia kwaya tu, sie tumeshaonywa! Nikamkumbuka bibi na mumiani wake: magharibi ikiingia, hakuna kutoka nje. Nani mwingine kalelewa hivyo?

Chausiku: Sote 😂

Baba_Kashata: Umenikumbusha balaa. Mzee wangu kakulia Pumwani, Nairobi, enzi za mkoloni. Kwao mumiani waliitwa wazimamoto: wanakamata mtu usiku, wanamfungia shimoni, wanamnyonya damu. Tulikuwa tunamcheka.

Siku mke wangu alipojifungua damu ikawa haikatiki. Nesi akatoka: ndugu watoe damu, upesi. Nageuka, mzee hayupo kwenye benchi. Nimemzunguka hospitali yote, nikamkuta stendi anasubiri basi, jasho linamtiririka. "Baba, mkweo anakufa." Akanijibu huku kakaza macho barabarani: "Hao hawatosheki na chupa moja." Mtu aliyenilea! Nikamwacha pale pale nikarudi mbio. Shemeji zangu ndio waliotoa. Mke alipona, ila na mzee tulikaa muda mrefu bila kusemeshana.

Baadaye tuko sebuleni tunaangalia Get Out, ikafika pale kijana kafungwa kwenye kiti, wazungu wanataka mwili wake. Mzee akasema, "Si niliwaambia?" Nilikosa la kumjibu.

Dogo_Janja_wa_Kijiweni: Pole mkuu, ila huo ni ushamba. Watu wanakufa kwa kukosa damu sababu ya ngano.

Mwalimu_Somoe: We dogo, punguza ukali. Weusi wa Marekani nao walikuwa na "madaktari wa usiku": ukipita peke yako gizani unabebwa ukapasuliwe. Na kweli vyuo vya udaktari vilikuwa vikipasua maiti za weusi zilizoibwa makaburini. Kisha ikaja Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972: wanaume weusi mia kadhaa wenye kaswende waliachwa bila tiba, na penisilini ipo, ili serikali iangalie ugonjwa unavyokwenda. Hiyo nayo ngano?

Dogo_Janja_wa_Kijiweni: Mwalimu, hapo ni Alabama. Pumwani alinyonywa nani?

Mwalimu_Somoe: Sijasema alinyonywa. Mtu anayelazimishwa kazi, kodi na kipande shingoni utamshangaa akiwaza kuwa damu yake nayo inatakiwa?

Chausiku: Mwalimu kapiga penyewe 👏

Kirukanjia: Zombi nao wametoka Haiti kwa watumwa. Hofu yao ilikuwa ufe halafu bado ulimishwe miwa. Marekani ikaikalia nchi ile 1915 mpaka 1934, na 1932 Hollywood ikatoa White Zombie. Night of the Living Dead ya 1968 mimi iliniumiza mwisho: Ben, yule mweusi, anapambana usiku kucha, kunakucha anapigwa risasi na waliokuja kuokoa.

Dogo_Janja_wa_Kijiweni: Umetuharibia mwisho!

Kirukanjia: Filamu ya 1968 bado unaisubiri?

Bi_Mkubwa_wa_Chake: Nyie mnazungumza sinema. Sisi huku Pemba mwaka 1995 popobawa, lile jini linalovamia watu usiku wamelala, alituhamisha ndani. Mtaa mzima tunalala barazani, moto unawaka, wanaume zamu. Usiku mmoja kikaanguka kishindo juu ya bati, jirani yetu akapiga ukelele, watu wakakimbia mpaka wakavunja ua wa watu. Kumbe paka. Lakini hakuna aliyerudi kulala ndani.

Chausiku: 😂😂 Eti paka! Bi Mkubwa endelea, hizo filamu baadaye.

Baba_Kashata: Paka ana kishindo gani cha kuvunja ua?

Bi_Mkubwa_wa_Chake: Wa kwetu wanashiba.

Mjukuu_wa_Pangani: Turudi kwenye mada jamani. Nataka kuanza Candyman ya 1992, ile ya magorofa ya Cabrini-Green, Chicago. Niangalie peke yangu?

Kirukanjia: Peke yako, taa zima. Ndiyo utamu wake.

Bi_Mkubwa_wa_Chake: Usithubutu. Soma Ayatul Kursiy, kioo kifunike.

Dogo_Janja_wa_Kijiweni: Mchana, sauti chini, ugali mkononi.

Chausiku: Na paka mtoe nje.