Maji ndani ya kofia

Mama Rehema: Asalaam aleikum wote. Rehema kaja na kazi ya shule: "Mavazi ya wanaanga huwakingaje?" Nimemwambia yanazuia baridi, kanijibu "mama, lile si sweta". Nisaidieni.

Shangazi Tanga: Waaleikum salaam 😂😂 mtoto kasema kweli

Mjomba Hamisi: Waaleikum salaam. Hapo mwachieni fundi friji. Shida kubwa ni joto.

Juma: Joto tena Mjomba? Huko si baridi kali?

Mjomba Hamisi: Kivulini ni baridi ya nyuzi mia na zaidi chini ya sifuri, juani nyuzi 120 hivi. Lakini chupa ya chai ya mama yako, kati ya kuta zake mbili mna nini? Hamna hata hewa. Ndiyo maana chai ya alfajiri mpaka adhuhuri ingali moto. Sasa mwanaanga ndiyo hiyo chai. Joto la mwili wake halina pa kwenda.

Mama Rehema: Eeh! Wanafanyaje?

Mjomba Hamisi: Ndani huvaa nguo ya kubana yenye vijirija vya maji, kama mita 90. Maji yanazunguka, yanabeba joto mpaka kwenye begi la mgongoni. Humo kuna barafu inayogeuka mvuke moja kwa moja na kutokea nje. Friji bila gesi, wallahi nalitamani.

Juma: Na vazi likitoboka?

Mjomba Hamisi: 1966 huko Houston, Marekani, fundi alikuwa anajaribu vazi kwenye chumba kilichofyonzwa hewa, bomba likachomoka. Sekunde kama 14 tu, kazimia. La mwisho alilokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Wakarudisha hewa upesi, akapona.

Shangazi Tanga: Ya Rabi 🙆🏾‍♀️ si wajaze hewa nyingi basi

Mjomba Hamisi: Ukizidisha presha linakakamaa, vidole havikunjiki. Mrusi Leonov, 1965, vazi lilifura akashindwa kurudi chomboni mpaka akapunguza hewa. Haya ya Wamarekani yana oksijeni tupu, presha haifiki hata theluthi ya hii yetu.

Ila mimi kinachonitisha ni kuvuja. Tarehe 16 Julai 2013 Mwitaliano Luca Parmitano yuko nje ya kituo cha anga, akahisi maji kisogoni. Wakadhani ni mfuko wake wa kunywea. Kumbe ni yale ya kupozea! Vitundu vya pampu vimeziba, maji yakaingia njia ya hewa.

Juma: Si yangeteremka miguuni?

Mjomba Hamisi: Yateremke wapi? Huko hakuna chini. Yakamng'ang'ania kichwani, masikio, macho, mpaka puani. Na jua likazama. Akarudi kwa kupapasa kamba yake ya usalama. Kofia ilikuwa na maji zaidi ya lita 1.

Shangazi Tanga: Azame majini, na bahari iko kule chini!

Mjomba Hamisi: Baada ya hapo wakaweka kitambaa cha kufyonza maji ndani ya kofia, na mrija wa kupumulia unaoshuka mpaka kiunoni. Dawa ya kifundi kabisa.

Mama Rehema: Bibi yuko hapa anauliza, na haja je?

Mjomba Hamisi: Mwambie wanavaa nepi 🙈 kazi yenyewe saa 6 na zaidi.

Bibi: 🎤 0:09

Juma: 😂😂😂 Bibi jamani

Mama Rehema: Hamisi, Rehema yuko jikoni na bisibisi, anataka kufungua chupa yangu ya chai aone hapo pasipo na hewa. Mpigie wewe mwenyewe.