Nina Cassian na mashairi aliyokiandikia chama: tumhesabie?

Kisima
Wadau, kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima. Nina Cassian, mshairi na mfasiri wa Romania, alizaliwa Galați mwaka 1924 katika familia ya Kiyahudi. Alijiunga na vijana wa kikomunisti akiwa na miaka 16, chama kikiwa marufuku, kwa hiyo hakuwa bendera fuata upepo. Mwaka 1947 akatoa kitabu chake cha kwanza, La scara 1/1. Gazeti la chama, Scînteia, likamrarua, likasema ushairi wake umeoza na hauwafai wafanyakazi. Nini kikafuata? Akageuka. Mwaka 1949 akatoa kitabu cha kuutukuza mwaka 1917 wa mapinduzi ya Urusi, na akaendelea na nyimbo za namna hiyo karibu miaka minane. Alipochoka akajificha kwenye tafsiri na hadithi za watoto, kazi ambazo hazimhitaji mshairi.

Baadaye utawala uleule ukamfanya mkimbizi, akafia New York mwaka 2014 akiheshimiwa na wengi. Swali langu: yale mashairi ya 1949 tumhesabie au tuyafunike? Mimi nasema tumhesabie. Kalamu ni yake na jina lililoko kwenye jalada ni lake.

Tandika
Tumhesabie. Mtu akifukuzwa nchini hatakasiki kwa kufukuzwa.

Nyuki
Hakufukuzwa, mkuu. Mwaka 1985 alikwenda Marekani mwenyewe, kufundisha uandishi Chuo Kikuu cha New York. Akiwa huko rafiki yake Gheorghe Ursu akakamatwa, ndipo akaona kurudi ni kujipeleka machinjoni, akaomba hifadhi. Nyumba yake Bucharest ikatwaliwa na vitabu vyake vikaondolewa madukani na maktabani.

BintiKalamu
Nilikuwa nimeamua kupita kimya, lakini sentensi moja ya mleta mada imenichoma. "Kazi ambazo hazimhitaji mshairi."

Kaka Kisima, mimi hutafsiri mashairi ya watoto kwa ajili ya vitabu vya shule. Juzi nimekesha na ubeti mmoja wenye mistari minne. Maana niliipata kabla ya chai ya jioni. Vina nilivipata saa sita usiku. Mizani ilikataa hadi alfajiri, kwa sababu neno lililobeba kina lilikuwa na silabi moja ya ziada, na nikilibadilisha mnyama wa hadithi anabadilika, na mnyama akibadilika picha iliyokwisha kuchorwa inakuwa ya uongo. Nani hufanya kazi hiyo kama si mshairi?

Cassian alimtafsiri Morgenstern, Mjerumani aliyejaza mashairi yake maneno ya kubuni, maneno yasiyo na kamusi. Utatafsirije neno ambalo halipo? Alimtafsiri Shakespeare, Molière, Brecht na Mayakovsky. Kama hayo ni maficho, basi ni maficho ya kuvunja mawe.

Kisima
Dada, sikukusudia kukudharau wewe. Nilikuwa nasema alitafuta mahali ambapo chama hakikuangalia sana.

BintiKalamu
Umesema hazimhitaji mshairi. Maneno yako yako pale juu, yasome.

Nyuki
Na hata hilo la maficho halijakaa sawa. Mwenyewe alieleza kwamba aliingia kwenye uandishi wa watoto kwa sababu huko tamathali na njozi zilikuwa bado zinaruhusiwa. Kwenye mashairi ya wakubwa kila mstari ulitakiwa uwe na trekta. Hakwenda kule kupumzika, alikwenda kutafuta hewa.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, salaam. Nimefurahi kuona jina hili. Niongeze jambo moja kuhusu watu waliomzunguka, maana mshairi huyu hakuwa peke yake. Kuanzia 1945 hadi 1947 Bucharest palikuwa na kundi la vijana waliokuwa wametoka kwenye vita. Katika hao alikuwemo kijana kutoka Cernăuți ambaye wazazi wake waliangamia kambini. Alifanya kazi katika shirika la uchapishaji la Cartea Rusă, akitafsiri vitabu vya Kirusi kwa Kiromania. Ndiye Paul Celan, aliyekuja kuwa mshairi mashuhuri wa lugha ya Kijerumani. Rafiki yake mkubwa alikuwa Petre Solomon, naye mshairi na mfasiri. Cassian alikuwa katika duara hilo.

Celan alikuwa na shairi la Kijerumani kuhusu kambi za mauaji. Lilichapishwa mara ya kwanza tarehe 2 Mei 1947 katika gazeti la Contemporanul, na lilichapishwa kwa Kiromania, kwa mkono wa Solomon. Kijerumani chake kilikuwa hakijamwona msomaji bado. Ndilo shairi lake la kwanza kutoka chini ya jina la Celan. Kwa hiyo moja ya mashairi makubwa ya karne iliyopita liliingia duniani kwa mlango wa tafsiri. Binti yuko sahihi.

Tandika
Mwalimu shikamoo. Lakini Solomon aliliita Tangoul morții, yaani Tango la Kifo, na Kijerumani chake kinaitwa Todesfuge, Fuga ya Kifo. Tango ni dansi, fuga ni muziki ambamo sauti kadhaa zinaingia moja baada ya nyingine zikirudia wimbo uleule. Hapo mfasiri si ameharibu?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Hakuharibu. Wahariri waliweka maelezo mafupi kando ya shairi, kwamba limejengwa juu ya jambo lililotokea kweli: huko Lublin na kambi nyingine, baadhi ya waliohukumiwa kufa walilazimishwa kuimba nyimbo za huzuni huku wenzao wakichimba makaburi. Tango lilikuwa kwenye jina kabla ya fuga. Fuga alikuja nayo Celan baadaye kwenye Kijerumani.

Tandika
Basi mwenye shairi alilibadili jina mwenyewe, maana yake hakulipenda tango la mfasiri.

BintiKalamu
Unajuaje kwamba hakulipenda? Kubadili ni kukataa? Mimi hubadili kichwa cha shairi mara kumi na nikaendelea kuvipenda vyote kumi.

Ziwa Tanganika
Bandugu, mimi ni wa Kalemie. Mnabishana tango na fuga, lakini mleta mada aliuliza jambo jingine na linanigusa.

Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule zama za Mobutu. Walimu na wanafunzi walisimama uwanjani wakacheza na kumwimbia kiongozi. Mama alikuwa na sauti nzuri, kwa hiyo walimweka mbele. Hakuchagua kuwekwa mbele, sauti ndiyo iliyomweka. Leo akija mtu akaniambia "mama yako alimsifu Mobutu, tumhesabie," nitamjibu nini? Ndiyo, alimsifu. Nilikuwepo, nilimsikia. Jioni alirudi nyumbani akanywa maji, akakaa bila kusema hata neno moja.

Kisima
Pole sana ndugu yangu, nasema kwa moyo. Lakini mama yako hakuziandika zile nyimbo wala hakuziweka kitabuni. Cassian aliandika. Na tusisahau alikiamini chama tangu kikiwa cha siri. Huyo hakuwekwa mbele na sauti tu.

Nyuki
Kisima, hilo la kuamini ndilo linalomponza na ndilo linalomwokoa. Mtoto wa Kiyahudi mwaka 1940, Romania ya sheria dhidi ya Wayahudi, nani mwingine alimwambia "wewe ni mtu kama sisi"? Aliamini. Kisha waliomwambia hivyo wakamwambia ushairi wake umeoza. Akafikiri labda ni kweli, labda wao wanaona asichokiona. Mtu anaweza kuogopa na kuamini kwa wakati mmoja. Wewe unataka tuchague kimoja.

Tandika
Mbona hamsemi la Ursu? Alikuwa mhandisi na ameweka shajara miaka mingi, na humo akanakili mashairi ya Cassian ya kuwacheka wakubwa. Shajara ikapelekwa kwa Securitate, polisi wa siri wa utawala ule. Alikamatwa Septemba 1985, tarehe 17 Novemba akafa kwa kipigo. Yeye Cassian yuko New York anafundisha. Mashairi yake ndiyo yaliyomuua yule mzee.

Nyuki
Futa sentensi hiyo. Nakuomba uifute.

Waliomuua ni waliompiga. Baada ya utawala kuanguka, mfungwa mwenzake na maofisa wawili wa polisi walihukumiwa kwa kifo kile. Mahakama haikulitaja shairi kuwa muuaji. Na Ursu hakuwa karani wa mashairi ya watu. Baada ya tetemeko la Machi 1977 aliona kazi ya kuimarisha majengo yaliyopasuka inasimamishwa kwa amri kutoka juu, akaipelekea habari hiyo Redio Ulaya Huru, kituo cha nje kilichotangaza yale ambayo utawala uliyaficha. Huyo ni mtu aliyejua anachokifanya, na unamfanya abiria katika kifo chake mwenyewe.

Tandika
Sifuti. Sijasema alikusudia. Nimesema mashairi yalikutwa kwake, mwandishi alikuwa mbali.

Nyuki
Umesema yalimuua.

Mwalimu Mstaafu
Tandika mwanangu, rekebisha kauli. Kuna watoto wa marehemu duniani.

Tandika
Sawa Mwalimu. Kwa heshima yako: mashairi hayakumuua, yalitumika dhidi yake. Hapo nimefika.

BintiKalamu
Narudi kwa Kisima kwa sababu bado hajaniomba radhi, na nina ushahidi mwingine. Cassian alibuni lugha yake akaiita spargă, akaandika mashairi kwa lugha hiyo. Maneno ni ya kubuni lakini sarufi ni ya Kiromania, kwa hiyo Mromania anaposoma anajua nani kamtenda nani, na anasikia hasira, ingawa hakuna neno analolijua. Sikilizeni, nijaribu kwa lugha yetu:

Vizubwi vilimfyambua mdwana akadorongoka.

Nani hakuelewa? Ni vingi. Vimeshamtenda kiumbe mmoja. Na hicho walichomtenda kinaishia na -ua, kama kufumua, kupasua, kuchambua, kwa hiyo kitu kilichokuwa kimefungwa kimefunguka kwa nguvu. Na mdwana mwisho wake si mzuri, -oka hiyo ni ya kuporomoka. Viambishi vyetu peke yake vimesimulia msiba. Mtu aliyeujua mfupa wa lugha yake kiasi hicho, ndiye unayesema alikimbilia kazi isiyohitaji mshairi.

Ziwa Tanganika
Vizubwi nimeviona. Ni wale wa kuamrisha uwanjani.

Mwalimu Mstaafu
Mimi nimeviona kama vidudu vya mbao. Binti, kizubwi ni kikubwa kiasi gani?

BintiKalamu
Mwalimu, kizubwi kimoja hakina nguvu. Ndiyo maana nimeweka wingi.

Kisima
Dada BintiKalamu, nimesoma mara tatu. Ile sentensi naiondoa na ninakuomba radhi, wewe na wafasiri wote mliomo humu. Nilinena nisilolijua.

Lakini kitabu cha 1949 bado kipo mezani. Nyuki ameeleza kwa nini alikiandika, hajanijibu tukifanyeje. Ziwa Tanganika amenieleza habari ya mama yake na nimekosa usingizi, ila naye hajanijibu. Kwenye mkusanyo wa mashairi yake, mhariri ayaweke yale au ayaache?

Nyuki
Ayaweke. Na mwaka wa kila shairi uwekwe chini yake.

Ziwa Tanganika
Nimempigia mama asubuhi hii nikamuuliza kama bado anazikumbuka zile nyimbo. Ameziimba zote, hajakosea hata mstari.

Tandika
Mwalimu, kuhusu tango na fuga bado sijaridhika.