Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi usiku Linkin Park walipotangaza ziara ya kurudi?

Mwana wa Menengai (Nakuru)

Wadau, usiku wa kuamkia leo umetimia mwaka mmoja tangu Linkin Park, ile bendi ya roki ya Marekani, watangaze ziara ya kurudi. Marekani ilikuwa bado Alhamisi, tarehe 5 Septemba 2024. Kwetu ilikuwa imeshaingia Ijumaa, saa saba usiku. Naomba kila mmoja aandike alikuwa wapi. Hata kama ulikuwa umelala, andika uliamka ukakuta nini.

Naanza mimi. Mwishoni mwa Agosti waliweka ile saa ya kuhesabu kurudi nyuma, saa 100 nzima. Nikaifuatilia siku zote nne kazini, huku nafungua simu za watu na bisibisi mkononi. Ilipofika sifuri hawakusema neno, ikaanza kuhesabu kwenda mbele. Niliumia kweli. Nilijiambia basi, tumeshazoea kukosa.

Kisha tukaambiwa tarehe 5 watarusha onyesho mubashara mtandaoni. Nilikaa sebuleni hapa Section 58 na taa imezimwa, mtoto alikuwa na homa na mama yake ndiyo kwanza amepata usingizi. Nikaweka waya moja sikioni, sikio la pili nikaliacha kwa ajili ya mtoto. Wimbo wa kwanza ulikuwa mpya. Mike Shinoda, mmoja wa waimbaji wa bendi, akaanza yeye peke yake, nikadhani ataimba mwenyewe mpaka mwisho. Halafu yule dada akaingia, Emily Armstrong, mwimbaji wao mpya. Sikuwa namjua wala sikuwa nimewahi kusikia bendi yake ya Dead Sara. Machozi yalinitoka kabla sijaamua kama nampenda au simpendi.

Baadaye wakataja miji ya ziara: Los Angeles, New York, Hamburg, London, Seoul, Bogotá. Sita tu. Nilichukua risiti ya kazini nikaiandika nyuma yake, yote sita pamoja na tarehe. Sikuwa na nia ya kwenda popote, nauli ya London naitoa wapi? Nilitaka tu niwe nayo imeandikwa kwa mkono wangu kwamba wanapanda jukwaani tena. Risiti hiyo iko ndani ya kava ya simu mpaka leo.

Kinyozi wa Kondele (Kisumu)

Ndugu, mimi siwezi kuanza na 2024. Lazima nianze na 2017 ndipo mtanielewa.

Chester Bennington, mwimbaji wa Linkin Park, alikufa tarehe 20 Julai, wiki tatu kasoro kabla ya uchaguzi wetu wa Agosti. Kondele yote ilikuwa magari ya kampeni na vipaza sauti. Nilikuwa nanyoa mteja wa mwisho, usiku umeshaingia, ndugu yangu mdogo akanipigia kutoka Migori. Hakusalimia. Akasema, "Chester ametuacha." Nilizima mashine. Mteja akaniuliza nimefiwa na nani, nikamwambia mtu wa familia. Wala sikuona kwamba nimedanganya. Kanda ya Hybrid Theory ilinifikia kupitia kwa binamu aliyekuwa akisoma Nairobi, na huo ndio muziki uliokaa na mimi mwaka baba alipofariki. Nyumbani tulikuwa na matanga, watu wengi, nyimbo za kanisa usiku kucha, na mimi nyuma ya nyumba na redio ndogo ya kaseti naisikiliza sauti moja iliyokuwa ikipiga kelele kama nilivyotaka kupiga mimi.

Oktoba wakamfanyia tamasha la kumbukumbu kule Hollywood Bowl, tarehe 27. Kwetu ilikuwa alfajiri ya tarehe 28. Mnakumbuka Kisumu ilikuwaje wiki hiyo. Uchaguzi wa marudio haukufanyika huku, ukaahirishwa mpaka Jumamosi hiyo hiyo ya 28, halafu ukaahirishwa tena. Barabara zilikuwa na mawe, hewa inawasha macho. Mama alitukataza hata kufungua dirisha. Mimi na mdogo wangu tulijifunika blanketi moja na simu moja. Kuna wimbo waliuacha bila mwimbaji. Maikrofoni ikasimama peke yake jukwaani, mwanga ukiimulika, na watu waliojaa pale wakaimba wenyewe. Tuliimba pia, kwa sauti ya chini sana, chini ya blanketi. Bando likaisha kabla ya tamasha kwisha.

Kwa hiyo mwaka jana sikuthubutu kukesha. Niliogopa. Niliamka saa kumi na moja, nikakuta jumbe 14 za mdogo wangu. Ule wa mwisho ulisema, "Amka, kuna mtu ameshika ile maikrofoni."

Mwanafunzi wa zamani, Njoro

Mimi niliipakua video ya onyesho usiku nikapanga kuitazama asubuhi kwa utulivu kwenye kompyuta. Asubuhi hiyo hiyo, saa tatu kasoro, stima ikapotea karibu nchi nzima! Simu ilikuwa na chaji asilimia tisa. Nilitazama wimbo mmoja, nikazima, nikasubiri. Zile saa za kusubiri sitazisahau.

Binti wa Lurambi (Kakamega)

Hamjambo. Naona mmejaa wanaume, niruhusuni.

Shule ya bweni niliyosoma, roki ilikuwa ni muziki wa shetani. Hilo halikuwa jambo la mzaha, mtu alikuwa anaweza kuombewa mbele ya paredi. Dada yangu mkubwa alikuwa na memori kadi ndogo aliyoishonea kwenye pindo la sketi, na humo mlikuwa na albamu yao ya Meteora yote. Likizo tukirudi nyumbani tuliisikiliza kwa simu ya baba akienda shambani. Mimi nikawa naimba zile sehemu za Chester, zile za kupasua koo. Nilikuwa naziweza! Naziimba bafuni, naziimba nikichota maji. Kaka zangu wakiniambia, wee, hizo ni sauti za wanaume, utaharibu koo ukose hata kuimba kwaya. Nikaacha. Nikaimba alto kanisani kwa miaka kumi na kidogo.

Usiku ule nilikuwa zamu, mimi ni muuguzi. Wodi ilikuwa imetulia, nikaitazama wakati wa mapumziko nikiwa nimesimama kwenye korido. Emily alipofungua mdomo kwa zile nyimbo za zamani niliegemea ukuta. Simfananishi na Chester, hafanani naye na hajaribu kufanana. Lakini sauti ile niliyoambiwa si ya mwanamke ilikuwa inatoka kwa mwanamke, mbele ya dunia nzima, na Shinoda amesimama kando yake akitabasamu. Nilimpigia dada yangu saa nane usiku. Yeye pia alikuwa macho.

Mpiga drami wa Webuye

Nawaheshimu nyote, ila mimi bado sijakubali. Acheni niseme kwa nini.

Kila mtu anaongea habari ya sauti. Mimi nilijifunza drami kanisani hapa Webuye kwa kumwiga Rob Bourdon, mpiga drami wa zamani wa Linkin Park. Mchungaji hakujua yale mapigo yametoka wapi, alisema tu siku hizi sifa zina nguvu. Mtu akijifunza kazi kwa mkono wa mtu mwingine, yule ni mwalimu wake hata kama hawajawahi kuonana. Usiku ule niliwatazama wakipanda, nikahesabu wale wa zamani: Shinoda, Phoenix, Hahn. Bourdon hayupo. Nyuma ya drami kuna Colin Brittain. Anapiga vizuri sana, siwezi kusema uongo. Lakini nilizima katikati. Kwa Chester tulipewa nafasi ya kulia. Kwa Bourdon hakuna aliyelia.

Mwana wa Menengai (Nakuru)

Mzee wa Webuye, umenigusa. Mwaka mzima sikuwahi kulifikiria hilo hata mara moja, na nisingetaka ulinyamazie. Karibu sana hapa.

Dereva wa zamani, Busia

Nadhani mimi ndiye pekee hapa niliyewahi kuwaona kwa macho. Novemba 2012, Johannesburg, uwanja ule mkubwa wa Soweto wa Kombe la Dunia. Nilikuwa kule natafuta maisha. Siku tatu kabla, Cape Town, upepo uliangusha mnara wa matangazo nje ya uwanja, mtu mmoja akafa. Wenzangu wawili wakaogopa wakauza tiketi zao. Mimi nilienda peke yangu.

Nilikuwa mbali, Chester alikuwa mdogo kama kidole. Mawazo ya mwaka huo sitayataja yote hapa: sikuwa na makaratasi, nilikuwa na deni, na mke wangu alikuwa Busia na mtoto ambaye sikuwa nimewahi kumbeba. Alipoimba, jirani yangu, kijana wa Kizulu nisiyemjua, akanishika bega akaniona nalia, naye akalia. Hatukuwa na lugha moja zaidi ya ile ya wimbo.

Usiku wa mwaka jana nilimwamsha yule mtoto. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Nikamwambia keti hapa, hawa ndio watu niliowaona wakati wewe unajifunza kutembea. Alikaa mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kuna gitaa linalouzwa Busia.

Binti wa Lurambi (Kakamega)

Mzee, ulimpatia gitaa?

Dereva wa zamani, Busia

Tulilipata soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili, likiwa limebaki nyuzi nne. Sasa lina sita.

Kinyozi wa Kondele (Kisumu)

Basi sikilizeni. Jumamosi ijayo nafunga kinyozi mapema. Nina spika, na jirani yangu ana drami za kanisa zao ambazo hazina kazi siku hiyo. Mzee wa Busia, mlete kijana na gitaa lake. Binti wa Lurambi, zile sehemu za kupasua koo ni zako. Mwana wa Menengai, njoo na ile risiti. Mzee wa Webuye, kiti cha drami kitakuwa wazi, sitamkalisha mtu mwingine.

Mpiga drami wa Webuye

Nitakuja na vijiti vyangu. Ila nitapiga kama alivyopiga Bourdon.