Mrejesho: mwarobaini kwenye kabichi

Wakulima wenzangu, niliwauliza kama dawa za mimea zinaweza kuzuia viwavi na vidukari kwenye kabichi. Zinaweza, ila zinataka subira.

Nilifuata ushauri wa kutumia mbegu za mwarobaini, kwa sababu azadiraktini, kemikali yake inayodhibiti wadudu, iko nyingi zaidi kwenye kiini cha mbegu kuliko kwenye majani. Nilitwanga, nikaloweka gramu 50 kwa kila lita ya maji usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa na kuongeza sabuni ya maji kidogo, maana jani la kabichi lina nta na dawa huteleza. Nilipulizia jioni kwa kuwa jua huiharibu haraka.

Asubuhi yake viwavi walikuwa bado hai, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kagueni jani kwanza. Walikuwa wameacha kula! Matundu hayakuongezeka, na wale wadogo walishindwa kujivua ngozi, wakafa taratibu. Majani mapya ya katikati yanatoka mazima kabisa, nimefurahi sana. Wakubwa waliokwisha jichimbia ndani ya kichwa dawa haiwafikii, hao nawatoa kwa mkono. Vidukari walipungua nilipoanza kupiga chini ya majani.

Aliyependekeza tumbaku, asante, lakini sikuitumia. Nikotini ni sumu kali hata kwa binadamu, na tumbaku inaweza kuleta virusi kwenye nyanya zangu zilizo jirani na kabichi.

Naendelea kupulizia kila wiki, na narudia mvua ikinyesha.