Ovadrafti: wapi makato yana nafuu?

Mwana_Pangani: Wakuu, salaam. Mdogo wangu anaenda kusoma ughaibuni, bado anachagua kati ya Uingereza, Marekani na Ufaransa. Karo tumeshaipigia hesabu. Kinachonitia wasiwasi ni ovadrafti, yaani akaunti kwenda hasi mwisho wa mwezi. Mlioko huko, mnakatwaje?

Shangazi_Leeds: Uingereza kuna nafuu, mwanangu. Tangu Aprili 2020 benki haziruhusiwi kutoza ada ya kila siku wala ya mwezi kwa ovadrafti. Ni riba tu, na ukizidisha kiwango mlichokubaliana hawawezi kukupandishia riba hiyo. Riba yenyewe kali, benki nyingi zimekaa karibu na 40% kwa mwaka, lakini pauni 100 kwa mwezi mzima haifiki hata pauni 3.

Mpwani_Ohio: Huku Marekani wanakata ada kwa kila muamala, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ada iliyozoeleka ni kama dola 35. Salio dola 4, umenunua chakula cha dola 6 kwa kadi, tayari 35 imeondoka. Jioni umelipa kitu kingine, 35 nyingine. Citibank na Capital One waliifuta ada hii 2022, ila wengi bado wanayo. Kikomo cha dola 5 kwa benki kubwa kilipitishwa Desemba 2024, Bunge likakifuta 2025 kabla hakijaanza kazi. Akija huku, siku ya kufungua akaunti akatae ovadrafti ya kadi na ATM. Tangu 2010 hawawezi kumtoza kwa hizo bila ridhaa yake. Kadi itakataa tu. Hundi na malipo ya kila mwezi hayamo kwenye kinga hiyo, ayaangalie sana.

Kaka_Lyon: Ufaransa ada ni hadi euro 8 kwa muamala, mwisho 80 kwa mwezi, kisheria tangu 2014. Riba unalipa juu ya hapo.

Mama_Nakuru: Kaka, kama wewe ndiye utakayemtumia pesa, usikope kwenye simu ili umtumie. Sisi Kenya tukifuliza, yaani tukitumia Fuliza, ovadrafti ya M-Pesa, tunakatwa 1% papo hapo, halafu ada ya kila siku hadi umalize, na pesa yoyote ikiingia M-Pesa deni linachukua kwanza.

Mwana_Pangani: Asanteni sana. Shangazi, nasikia wanafunzi huko wanapewa ovadrafti bila riba?

Shangazi_Leeds: Wanapewa, ila benki nyingi zinataka uwe umeishi hapa miaka 3. Mgeni afungue akaunti isiyo na ovadrafti kabisa.