Wakuu, "roho nyeusi" tuendelee kuiandika?

Mchokonozi: Napitia muswada wa mpwa wangu. Kila mbaya ana roho nyeusi, kila mwema ana moyo mweupe. Weusi wenyewe ndio sisi! Si tunajisimanga kwa lugha yetu?

Kipepeo: Mkuu, usiku ni mweusi tangu enzi za Adamu, hakuna mzungu aliyeupaka. Mtoto anaogopa giza, haogopi ngozi ya mama yake.

BintiPate: Na weupe nao si heri siku zote. Ukiishiwa hela uko mweupe, hujui kitu uko mweupe kichwani, na sanda je? Mawingu yakiwa meusi mkulima anachekelea. Ila waandishi wa siku hizi mnanichosha, mwanamke wa maji ya kunde mmemtupa, mnaandika "ngozi ya kahawia" kama mnauza kabati.

MzeeWaKaniki: Kabati?? Kahawia ni Kiswahili fasaha, imetoka kwenye kahawa. Ulitaka tuandike braun?

BintiPate: Sijasema si fasaha babu. Inanuka duka la samani, basi.

MzeeWaKaniki: Babu yako nani?

Mchokonozi: Jamani, mada...

Msomi wa Kisumu: Mmesahau Damu Nyeusi ya Ken Walibora, ile ya kijana Mwafrika anayesoma Marekani. Weusi pale si uovu, uovu uko kwa wanaomtazama. Rangi hutegemea kalamu iko mkononi mwa nani. Hata mbingu ya samawati yaweza kutisha.

MzeeWaKaniki: Samawati! Wakenya mmeanza. Semeni bluu.

Msomi wa Kisumu: Bluu ni Kiingereza kilichovaa kanzu, mzee wangu.

MzeeWaKaniki: Na samawati ni mbingu kwa Kiarabu. Kwa hiyo umeandika "mbingu ya mbingu". Hongera, msomi.

Kipepeo: 😂😂 Ila zinazokubali viambishi ni tatu tu: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine tumeokota, manjano jikoni, kijivu mekoni, zambarau mtini. Misemo ingebeba nini kama si hizo tatu?

MzeeWaKaniki: Hilo sibishani nalo. Nabishana na samawati.

Mchokonozi: Mpwa wangu kapita hapa, kasoma yote. Kafuta "roho nyeusi", kaweka "roho ya rangi ya damu ya mzee".

MzeeWaKaniki: Sasa damu yangu imekosa nini?