Mjadala: Riwaya za upelelezi za Skandinavia zinamtetea mwanamke, au zinamuuza akiwa maiti?

Mleta mada (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpenzi wa riwaya za upelelezi, hasa za Skandinavia, na nazisoma kwa Kiingereza kwa sababu sijakutana na hata moja kwa Kiswahili. Nilianzia kwenye meza ya vitabu vya mtumba karibu na soko. Kitabu hakina jalada, nikakilipia buku mbili, na usiku ule umeme ulipokatika nikakimalizia kwa tochi ya simu. Leo naleta swali lililonikaa moyoni siku nyingi: riwaya hizi zinamtetea mwanamke, au zinamuuza akiwa maiti?

Swali hili si langu peke yangu. Mwaka 2018 huko Uingereza ilianzishwa tuzo iitwayo Staunch Book Prize, kwa ajili ya riwaya za kusisimua ambazo ndani yake hakuna mwanamke anayepigwa, anayeviziwa, anayebakwa wala anayeuawa. Waandishi wakagawanyika. Val McDermid wa Scotland, mkongwe wa fani hii, alipinga: madhali wanaume wanaendelea kuwafanyia wanawake ukatili, yeye ataendelea kuuandika ili usipite kimya.

Mimi niko upande wa vitabu, ila si vyote. Chukueni Roseanna, riwaya ya mwaka 1965 ya Waswidi Maj Sjöwall na Per Wahlöö. Hawa walikuwa wapenzi walioishi pamoja, wakiandika usiku watoto wakishalala, vitabu kumi ndani ya miaka kumi, mpaka Wahlöö alipofariki mwaka 1975. Kitabu kinaanza na mtambo unaochimba tope kwenye mfereji karibu na mji wa Motala. Ndoo inapanda, na ndani ya tope umo mwili wa mwanamke, uchi. Hana jina. Hakuna aliyeripoti kupotelewa. Mwandishi mwingine angekimbilia kumsaka muuaji, lakini Martin Beck, mpelelezi anayesumbuliwa na tumbo na mafua, anahangaika miezi kutaka kujua kwanza huyu ni nani. Jina likishapatikana, polisi wanaomba picha za watalii waliopanda meli pamoja naye, wanazipitia moja moja, halafu wanapata na filamu ya mtalii. Taa zinazimwa, na yule waliyemjua akiwa maiti wanamwona anatembea kwenye sitaha, yu hai, hajui yatakayomkuta. Nilikiweka kitabu chini, nikakaa kimya.

Stieg Larsson naye. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 2005, yeye akiwa amefariki Novemba 2004 kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 50. Kwa Kiswidi aliiita “Wanaume Wanaowachukia Wanawake”. Waingereza wakalitupa jina hilo, wakaweka lile la msichana mwenye chale ya joka. Ndani yake, kila sehemu inafunguliwa na takwimu ya ukatili dhidi ya wanawake Uswidi. Mtu hawezi kusema hakuambiwa anasoma nini.

Ila nikifika kwa Jo Nesbø wa Norwei, kile kitabu cha mtu wa theluji, moyo unakuwa mzito. Theluji ya kwanza inaanguka, mama mwenye mtoto anatoweka, nje ya nyumba kasimama mtu wa theluji. Nakiri nilikisoma siku mbili bila kulala vizuri. Lakini nilipokifunga sikumkumbuka hata mmoja wa wale wanawake kwa jina, nilikumbuka namna walivyouawa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: marehemu anapewa jina na maisha, au anabaki kuwa jeraha tu? Karibuni.

Mchangiaji (Nairobi)

Dada, umeandika vizuri, lakini sikubaliani nawe, na ningependa uipime upya hiyo Roseanna unayoisifu. Mwisho wake polisi wanafanya nini? Wanamchukua afisa wa kike, Sonja Hansson, wanamtumia kama chambo cha kumnasa muuaji, na wanaume wanaopaswa kumlinda nusura wachelewe. Hata katika kitabu kinachojali, mwili wa mwanamke ndio unaofungua hadithi na mwili wa mwanamke mwingine ndio unaoifunga.

Larsson ndiye anayenitatiza zaidi. Anaweka takwimu mwanzoni, sawa. Halafu anatupeleka chumbani kwa yule wakili aliyekabidhiwa kumsimamia Lisbeth Salander, yule msichana wa chale ya joka, na anatuonyesha anachomfanyia, ukurasa baada ya ukurasa. Takwimu ingetosha. Kurasa zile zimeandikwa ili msomaji asiweze kuacha, na kitu kinachomfanya msomaji asiweze kuacha ndicho kinachouza.

Televisheni ndiyo imezidi. Ile tamthilia ya Waswidi na Wadenmark ya mwaka 2011 inaanzia katikati ya daraja la Øresund, kwenye mstari wa mpaka, na maiti ya mwanamke imelala pale. Wanapoiinua, inakatika kiunoni: kumbe ni nusu za wanawake wawili. Wabunifu walikaa mezani wakaliona hilo kuwa wazo zuri la kufungulia hadithi.

Mimi nilikuwa barabarani Nairobi tarehe 27 Januari 2024, maelfu yetu tulipoandamana kupinga mauaji ya wanawake. Kando yangu alikuwa mama amebeba bango la karatasi ya manila, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, yamejaa mpaka kingo, mengine ameyaandika wima pembeni kwa sababu nafasi ilikwisha. Niliporudi nyumbani niliviangalia vitabu vyangu kwenye rafu, kila jalada lina mwanamke amelala au amegeuza mgongo. Niliviondoa. Sijavirudisha.

Mchangiaji (Tanga)

Wanangu, nawasoma kwa makini. Mimi ni mzee, nina langu la kusema kuhusu watu hawa wenyewe.

Nilisoma Kibaha wakati shule ile ingali chini ya mradi wa nchi za Nordiki, kabla haijakabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970. Nilifundishwa na Waswidi na Wadenmark. Walikuwa watu wa kusema asante kwa mpishi, watu wa kufika kabla ya saa. Olof Palme, Waziri Mkuu wa Uswidi, alikuwa rafiki wa Mwalimu, na sisi tulimhesabu kuwa wetu. Alipopigwa risasi Stockholm tarehe 28 Februari 1986, akitoka sinema na mkewe kwa miguu, bila mlinzi, mimi nililia. Sasa mjukuu wangu ananiletea vitabu vyao, kila kijiji kina muuaji, kila ziwa lina maiti. Naona wanajisingizia. Iceland, nchi ya watu takriban laki nne, kwa miaka mingi mauaji yake yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja kwa mwaka. Lakini Arnaldur Indriðason peke yake amewaua wangapi kwa kalamu?

Halafu msisahau tulikotoka sisi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alituandikia Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, na anayeuawa ni mwanamume. Bwana Msa na kiko chake aliwaza, akauliza, akanyamaza, na sisi tukawaza naye. Hakuna aliyehitaji kuvuliwa nguo ili hadithi inoge. Kwa hiyo ninyi mnaouliza kama upelelezi unaweza kusimama bila maiti ya mwanamke, jibu liko kwenye Kiswahili tangu kabla ya uhuru wa Tanganyika.

Mchangiaji (Dodoma)

Shikamoo mzee. Naunga mkono hiyo hoja ya kuwaza. Mimi sisomi hivi vitabu kutafuta siasa, nasoma kwa ajili ya fumbo. Mjapani Keigo Higashino ana riwaya ambayo muuaji unamjua tangu mwanzo na aliyeuawa ni mwanamume mkorofi, mtalaka wa mwanamke anayekuja kumsumbua. Kazi yako yote ni kutafuta yule jirani mwalimu wa hisabati ameficha nini, na bado unashindwa.

Raha nayo ni hoja. Wanorwei husoma upelelezi kila Pasaka, ni desturi kabisa, mpaka paketi za maziwa zinachapishwa vijihadithi vya upelelezi. Ilianza mwaka 1923, tangazo la kitabu lilipowekwa ukurasa wa mbele wa gazeti kama kichwa cha habari kwamba treni ya Bergen imeporwa usiku. Watu waliamini, wakahangaikia ndugu zao waliosafiri. Miaka mia imepita wanaendelea kusoma, familia nzima, kibandani mlimani, na sioni kama imewageuza kuwa makatili.

Mchangiaji (Göteborg, Uswidi)

Mzee wangu wa Tanga, shikamoo. Naomba nikujibu wewe kwanza, kwa heshima zote, maana ninaishi huku mwaka wa kumi na nne.

Walimu wako walikuwa hivyo hivyo unavyowakumbuka, na mimi majirani zangu wako hivyo. Lakini mwaka 2014 shirika la Umoja wa Ulaya la haki za msingi lilitoa utafiti wa nchi zote za umoja huo. Wanawake waliowahi kupigwa au kudhalilishwa kingono tangu wakiwa na miaka 15 walikuwa asilimia 33 kwa wastani wa Ulaya. Denmark ilikuwa 52, Finland 47, Uswidi 46. Tatu za juu kabisa ni hizo unazozijua kwa usawa. Wapo wanaosema ni kwa sababu huku mwanamke haoni aibu kusema, na huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini hata ukipunguza, kinachobaki ni kingi. Waandishi hawakujisingizia, mzee. Henning Mankell, aliyegawa muda wake kwa miaka mingi kati ya Uswidi na Maputo akiendesha jukwaa la Teatro Avenida, alianza kutoa vitabu vya mpelelezi Wallander mwaka 1991 kwa sababu aliona chuki dhidi ya wageni inapanda Uswidi. Katika kitabu kile bibi wa shambani anakata roho akitamka neno moja, “mgeni”, na baada ya hapo anayeuawa barabarani ni mkimbizi Msomali. Mimi nilifika na watoto wawili. Nilikisoma nikajua kuna mtu wa hapa aliyeona.

Na huyo Larsson mnayemgombania, angalieni mwenzake. Eva Gabrielsson aliishi naye miaka 32. Hawakufunga ndoa. Larsson alipokufa bila wosia halali, sheria ya Uswidi ikawapa baba na kaka yake kila kitu, Eva hakurithi hata shilingi ya vile vitabu. Mwandishi wa wanaume wanaowachukia wanawake! Mashangazi zangu Bukoba wanaijua kesi hiyo bila kusoma ukurasa.

Sasa nije kwenu, dada wa Morogoro na dada wa Nairobi. Mimi ni mhudumu wa wazee. Jioni nikimaliza dawa, namsomea bibi mmoja ambaye macho yamekwisha. Hupenda upelelezi. Tulifika kwenye sura ambayo mwanamke anaumizwa, nikaona nimhurumie, nikaruka kurasa tatu hivi, nikaendelea kwenye mahojiano ya polisi kwa sauti ile ile. Akanyoosha mkono akaushika wangu. Akaniambia nirudi nyuma, nisome yote. Akasema alipokuwa msichana yuko mmoja kijijini kwao aliyefanyiwa hivyo, kila mtu alijua, na kila mtu aliruka ukurasa.

Nilirudi nikasoma. Sauti ilinikwama mara mbili, yeye hakuuachia mkono.

Mchangiaji (Nairobi)

Dada wa Göteborg, nimekusoma mara tatu. Sitasema nimebadilika, ile nusu ya mwanamke kwenye daraja bado naiona ni dharau. Lakini nilikuwa nimeviweka vyote kapu moja. Huyo bibi alitaka ushahidi, na ushahidi una kurasa ngumu. Nitamrudia Larsson kwa jicho hilo. Nikiona bado ananiuzia, nitakuja kusema hapa.

Mleta mada (Morogoro)

Asanteni sana, nanyi mzee, marahaba yako tunaisubiri.

Kipimo changu nimekiona kina kasoro. Nilidhani jina na maisha vinatosha, na kwamba ukatili ukipita haraka ndio heshima. Kumbe hata kupita haraka kunaweza kuwa kumfunika mtu mara ya pili. Hoja ya chambo katika Roseanna pia imenipata, nilikuwa nimeisoma sura ile kama ushindi wa polisi, sikumfikiria Sonja aliyekaa ndani ya nyumba ile akisubiri mlango ufunguliwe. Usiku huu nimekitoa kitabu, nimeanzia hapo.

Naomba jambo moja kwa wenye uwezo wa kutafsiri: Roseanna si kitabu kirefu. Mama yangu hajui Kiingereza, na kila nikimsimulia ile filamu ya kwenye sitaha ananiuliza alivaa nini, alikuwa anacheka au la.